Usimnyamazishe Mbwa Anayeumwa

Siku moja bado naikumbuka, mwanangu Neema, ingawa miaka mingi nimetamani kuisahau. Nakuandikia nikiwa nimekaa hapa nyumbani Kumsenga, magoti yananiuma, na mbwa wako Poa amelala karibu na miguu yangu. Vile vidonge vya maumivu ulivyomkabidhi kondakta wa basi huko Kasulu, unakosomea ualimu, vilinifikia juzi, na mpaka sasa sijampa hata kimoja. Najua utakasirika, maana uliniambia kwenye simu, "Babu, mpe viwili asubuhi, viwili jioni, achangamke mpaka nimalize mitihani." Nisikilize kwanza, halafu ukasirike ukipenda.

Nilikuwa kijana, nimeoa mwaka uleule, na shamba langu la kwanza la mahindi lilipakana na pori. Nyani walikuwa wengi kuliko sisi watu. Nilikuwa na mbwa jike, jina lake Tabu, nikamfunga njuga shingoni kama walivyofanya wawindaji wa hapa kwetu, na nyani wakizisikia tu wanatoka mbio. Mke wangu alinitania kwamba nampenda Tabu kuliko yeye. Haikuwa kweli, lakini haikuwa mbali sana na kweli.

Mahindi yalipoanza kukomaa, Tabu akatumbukia kwenye shimo tulilochimba udongo wa tofali. Akatoka anachechemea, mguu wa nyuma haukanyagi sawasawa, na ukimgusa nyonga anageuza shingo kukutazama. Hakubweka wala hakulia. Mbwa hutaabika kimyakimya, mwanangu, na sisi tukiona kimya tunadhani mambo si mabaya.

Kupumzika kwake kungechukua majuma mawili, matatu. Mimi sikuwa na majuma hayo, au nilijiambia sina. Basi nikafanya walichofanya vijana wenzangu wote waliokuwa na mbwa wa shamba: nikatwanga pilipili mbichi na jani la tumbaku, nikachanganya na mawese ya moto, nikampaka kuanzia nyonga mpaka gotini. Ili asijirambe, nikamfunga mdomo kwa kamba ya mgomba. Alitetemeka tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nikamwambia mke wangu kwamba hiyo ndiyo dawa inaingia.

Kesho yake Tabu akasimama. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, anaukanyaga kama si wake, na mimi nikashangilia. Nikamvisha njuga, tukaenda shamba. Siku ya kwanza alikimbia, siku ya pili alikimbia. Siku ya tatu alimfukuza nyani dume akaruka mfereji, nikasikia sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwa mnyama yeyote. Nyonga iliyokuwa imeteguka ilikuwa sasa imevunjika.

Nilimbeba mabegani mpaka kwa Bibi Sabina, mjane jirani yetu aliyejua kuunga mifupa ya watu na ya mbuzi. Alimlaza Tabu kwenye gunia, akanusa ule mguu, akauona wekundu wa pilipili na manyoya yaliyonyonyoka. Hakunipigia kelele. Ningefurahi angenipigia.

"Yewe, kijana," akasema, "nani alikutuma umpake hivi?"

"Nilitaka kumtoa maumivu, bibi."

"Maumivu yalikuwa yanamwambia alale. Wewe umeyafunga mdomo ili akalinde mahindi yako. Hukumtibu huyu. Umemnyamazisha."

Alikaa naye siku kumi. Alimfunga vijiti, akamkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akamgeuza ubavu huu na ule kama mtoto mchanga. Tabu alipona kwa miguu mitatu, akaishi miaka mingine minne. Alimwendea mke wangu, aliwaendea wageni, hata walevi wa njiani aliwaendea akitikisa mkia. Lakini mimi nikinyoosha mkono anajikunja na kurudi nyuma, mpaka siku aliyokufa. Mwanangu, nyani walikula nusu ya shamba lile na nimeshawasamehe. Ile ya kujikunja bado inaniuma, na nimezeeka.

Sasa nikuambie habari za Poa, maana najua ndizo unazotaka.

Tangu viungo vyake vianze kukaza, mwaka ule Kakonko walipopewa wilaya yao, nimemhudumia kwa ninavyojua. Sakafu ya saruji ni baridi, hivyo nimemtandikia majani makavu ya mgomba na gunia juu yake. Asubuhi namkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, nakipima kwanza kwenye mkono wangu. Namchua polepole kwa mawese kidogo, bila pilipili wala tumbaku, na akigeuza shingo naacha hapohapo. Nimempunguzia ugali, kwa sababu ulimnenepesha mno, nawe unajua. Tunatembea mpaka kwenye mgomba wa pili na kurudi, wazee wawili tunachechemea, na majirani wanacheka. Yamemsaidia sana. Mwaka jana alikuwa akinitangulia kufika.

Lakini vitu vya nyumbani vina mwisho wake, na sitakudanganya. Majuma mawili haya Poa anakataa chakula, na tumbo lake lina uvimbe. Bwana mifugo alipopita kuchanja ng'ombe nilimwita amtazame. Nilimwonyesha vidonge vyako akatikisa kichwa. "Mzee, hivi ni vya watu. Vinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, akafa kwa mateso zaidi." Ameahidi kuleta dawa ya wanyama kutoka Kibondo mjini, kwa kipimo chake, apate angalau usingizi. Kisha akaniambia la mwisho, na mimi nakwambia kama lilivyo: Poa hatafika Desemba, utakapofunga chuo. Huenda hatafika mwisho wa mwezi.

Nimechoka, mwanangu. Kuinama kumkanda kunanichukua pumzi, na kuinuka ndiko kubaya zaidi. Sikuandikii ili nikulaumu. Ulikuwa mbali, ukataka kufanya kitu, na dawa ndiyo kitu kinachoweza kupanda basi. Nami ujanani nilikuwa karibu kabisa, mkono wangu juu ya mgongo wa Tabu, na bado nilikuwa mbali naye.

Basi nasaha yangu ni hii, uishike hata utakapokuwa mwalimu na watoto wa watu wako mbele yako. Ukimwona kiumbe anaumwa, kabla hujatafuta cha kumpa, jiulize ni nani unayetaka apate nafuu. Kama ni yeye, mpe joto, mpe pa kulala, mpe muda, na umwite anayejua pale ujuzi wako unapokoma. Kama ni wewe, kwa kuwa una shamba, una mitihani, au huwezi kuvumilia kumtazama, basi rudisha mkono wako kwanza. Na usikidharau kile kidogo cha kukaa karibu. Kwa mgonjwa asiyeweza kusema, hicho si kidogo.

Usingoje Desemba. Zungumza na walimu wako, panda basi la Jumamosi asubuhi, njoo umkande mwenyewe angalau mara moja. Ukimnyooshea mkono, atausogelea. Hilo nina hakika nalo.

Mungu akulinde njiani, akupe mkono mpole na moyo usioogopa kutazama maumivu ya mwingine. Na siku yako ya kuumwa itakapofika, kama hii yangu ilivyofika, akujalie mtu wa kukaa kando yako akuulize panapouma, na angoje umjibu.