Kona ya Tatu, Barabara ya Zamani

Ildefonce aliomba jambo moja tu: jeneza la mkewe, Dominika, lipandishwe Kibosho kutoka hospitali ya Moshi kwa barabara ya zamani. Marehemu mwenyewe ndivyo alivyomwomba kabla hajakata roho. Kwenye kona ya tatu ya mteremko ule, akirudi kutoka sokoni Moshi, alijifungua mtoto wao wa kwanza, ambaye hakulia. Alitaka apite pale mara ya mwisho.

Barabara ile ilichimbwa na baba zetu kwa majembe. Kahawa yetu ilishuka nayo mpaka Moshi, ikapanda treni kwenda bandari ya Tanga. Kila mwezi baragumu lilipolia, kila nyumba ilitoa mtu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, tukazibua mifereji na kujaza mashimo. Ildefonce ndiye aliyekuwa msimamizi. Asiyefika alichukuliwa mbuzi, hata awe mjane. Kisha ikaja lami ng'ambo ya korongo, baragumu likanyamaza, na mvua ikaila kona ya tatu. Gari halipiti tena.

Alhamisi alikuja kwangu.

"Kornel, nipatie watu kumi. Mazishi ni Jumamosi."

"Kumi? Wewe uliyemaliza mbuzi za kijiji?"

Hakucheka. Akakata jani la isale, tukaenda pamoja kwa Lucky, kiongozi wa vijana, ambaye marehemu baba yake alikuwa mmoja wa walionyang'anywa. Kwetu, ukimwendea mtu na isale, hata kama ulimchomea nyumba, atakusamehe na kukusikiliza.

"Shikamoo, babu. Poleni na msiba," Lucky alisema, akaligeuzageuza lile jani. "Hili la kupambia gari?"

"Ni isale, baba. Nilichukua mbuzi wa mzee wako. Naomba radhi, na naomba majembe."

"Mbuzi gani tena, babu! Hayo yameisha. Lami si ipo? Dakika ishirini bibi yuko nyumbani. Vijana tutaleta viti na maturubai."

Alisema kwa upole kabisa. Heri angetufukuza, mwenye hasira angalau anakumbuka.

Ijumaa tulichimba sisi wawili, wazee wenye majembe mawili. Mpaka jioni tulikuwa tumejaza hatua nne.

Jumamosi asubuhi nilimkuta palepale, amevaa suti ya mazishi, anachimba. Saa sita tuliliona gari lenye kitambaa cha zambarau likipita kule ng'ambo, kwenye lami, bila hata kupunguza mwendo.

"Twende, Ildefonce. Padre hatatusubiri."

"Wanakosea njia," akasema. "Watarudi tu." Akainamia jembe.

Nilimvuta mkono, akajichomoa. Nikaenda peke yangu.

Kaburini padre alimwita mume aweke udongo wa kwanza. Watu wakageuka, wakatazamana. Hilda, binti yao, akanitazama mimi. Nikauweka.