Mkono wa Kijani

"Habari ya kitabu chako sitaki hata kuisikia!" Fundi Meno alikuwa amesimama mlangoni kwake, miguu mitupu, kaziba njia kama boriti. "Wiki ya tatu leo! Ulishindwa mchana kweupe, na mpaka sasa hujaniletea askari wangu. Dawa ya deni nini, Shemeji?"

"Dawa ya deni ni kulipa," alijibu Shemeji kutoka barazani, mfuko wake kwapani. "Lakini deni liwe deni kweli. Wewe ulinishinda kwa mkono ambao haupo."

"Haupo?"

"Mkono wa Kapteni haukuwa wa kijani. Haujawahi kuwa! Hadithi wameichapa upya, kitabu kizima, karatasi za kung'aa. Ukurasa wa kumi na mbili mkono ni wa kawaida tu, kama wangu huu. Ule wetu ulikuwa makosa ya kiwanda. Miaka arobaini na moja unanishinda kwa makosa ya kiwanda!"

"Na wewe hukunishinda kwa mkono huo huo? Tena mara ngapi?"

Shemeji akakohoa.

Kutoka ndani, cherehani ilinyamaza. Mke wa Fundi Meno, ambaye ndiye dada wa huyo Shemeji, alitoa kichwa dirishani, pini zimo mdomoni. "Watu wazima wenye wajukuu, mnagombania mkono wa mtu asiyefika urefu wa kidole! Kaka, ingia unywe chai au nenda zako. Wewe Baba Watoto, toka mlangoni, unanizibia upepo."

Shemeji hakuingia. Alishuka ngazi za baraza taratibu, mkono ukutani, akaenda zake. Fundi Meno akabaki kutazama ile barabara kama mtu aliyeibiwa.

Sasa, huyu Fundi Meno hakuwa mtu wa kugombana na kila anayepita. Maisha yake yote alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha zahanati, kazi isiyotaka papara. Ukikosea kidogo tu, mteja anauma ulimi wake mwenyewe halafu anakuja kukuuma wewe. Mikono yake ilikuwa mikavu kwa plasta ya chapa za meno, na macho yake yalikuwa ya kuchagua dosari. Hata harusini hakuweza kumtazama bibi harusi akicheka bila kuhesabu meno.

Alipoanza kazi hiyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, anapanga chumba kimoja katika ua wenye vyumba sita. Chumba cha jirani kulikuwa na karani mpya wa posta, mchambua barua. Ndiye huyu Shemeji, ingawa wakati huo hakuwa shemeji wa mtu. Karani huyu alisifika mji mzima kwa jicho lake. Barua iliyoandikwa kama kuku kaparura, makarani wote wameshindwa, yeye aliisogeza kwenye mwanga, akaisoma, akaitupa kwenye kisanduku chake. "Hakuna mwandiko mbaya," alikuwa akisema, "kuna macho mavivu."

Vijana wale wawili walinunua kwa ubia gazeti moja la katuni lililotoka kila mwezi, *Kikosi cha Zohali*: askari wa anga waliosafiri kwenda kwenye sayari yenye pete kupigana na viumbe vya huko. Mmoja alipika, mwingine akasoma kwa sauti, na ugali ukaungua kila Kapteni alipotekwa. Gazeti lilichapwa kwa bei ya kutupa. Rangi zilikuwa haziishi kuhama: wekundu wa midomo uliangukia kidevuni, na buluu ya suruali ikatembea pembeni bila mwenyewe. Katika toleo la kwanza, kijani cha anga la Zohali kilimwagikia mkono wa kushoto wa Kapteni.

Mtu mwingine angejua ni wino umehama. Wao hawakujua. Waliona mkono wa kijani wakaelewa kuwa huyu bwana ana mkono usio wa binadamu, na kwamba siri yake itakuja kuelezwa. Wakangoja. Walingoja miaka miwili, mwezi baada ya mwezi, mpaka gazeti likafa na siri yake.

"Hatuwezi kumwacha hivi," alisema Fundi Meno siku hiyo, kijana bado, na machozi yako karibu.

"Basi tumtengeneze wenyewe," akasema mwenzake.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sokoni waliuza askari wa plastiki, wa kijani wote, wa kuchezea watoto. Fundi Meno aliwakata vichwa kwa msumeno wa meno, akawapachika vichwa vipya alivyochonga mwenyewe. Waya wa mwavuli uliokufa ukawa bunduki. Springi ya kalamu ikawa bomba la hewa. Waliompendeza zaidi aliwapiga chapa kwenye plasta, akamwaga humo ile plastiki ya waridi inayotengenezewa ufizi, wakatoka maadui wa Kikosi; kwa sababu hiyo viumbe vyote vya Zohali, katika nyumba hii peke yake duniani, vina rangi ya fizi. Baadhi vina meno kabisa. Kuna mfalme mmoja wa Zohali ana magego mawili ya mteja ambaye aliagiza meno asirudi kuyachukua.

Kupaka rangi ndiko kulikokuwa na ibada yake. Kwanza rangi nyeupe ya chini, ikauke mpaka kesho. Kisha rangi za nguo. Kisha nyeusi iliyotiwa maji mengi, unampaka mwili mzima, nayo yenyewe inakimbilia kwenye mikunjo kama mtu anayejua kwao. Mwisho kabisa macho, kwa brashi ya nywele tatu, pumzi umeizuia. Kapteni walimpaka pamoja, mmoja akimshika, mwingine akipaka, na mkono wake wa kushoto wakautia kijani tabaka tatu.

Msichana mmoja aliyekuja kumletea kaka yake chakula aliwakuta katika hali hiyo. Akamwinua Kapteni, akamgeuza. "Huyu mkono umeoza?" aliuliza. Fundi Meno alimweleza habari ya Zohali kwa muda wa saa nzima, na yule msichana akamsikiliza mpaka mwisho. Kwa kijana wa meno, hiyo ilitosha. Mwaka haukuisha, karani wa posta akawa shemeji.

Sheria za mchezo waliziandika kwenye daftari la shule. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya madumu, na vilima vyake trei za mayai. Askari alitembea inchi sita, akipimwa kwa utepe wa cherehani, jambo ambalo limeleta maneno katika ndoa ile kuliko mishahara. Vita viliamuliwa kwa dadu. Kapteni walimpokezana, mchezo huu wako, ule wangu, na mwenye Kapteni aliruhusiwa mara moja tu kunyoosha mkono wa kijani na kumfufua askari aliyekufa.

Sheria kubwa ilikuwa ya mwisho: aliyeshindwa atamtengeneza askari mmoja mpya, ampake, amlete kwa mshindi. Na mpaka amlete, hakuna kugusa dadu.

Mchezo mmoja uliweza kula Jumamosi nne, tano. Hata hivyo jeshi lilikua, kushindwa kwa kushindwa, mpaka likafika mia tatu na ushei, nalo likahamia kwenye kabati la vioo ambako watu wengine huweka vikombe vya wageni. Mke alilipigania lile kabati mwaka mzima, kisha akasalimu amri, akashona pazia.

Jumamosi hii, Shemeji alipoondoka na hasira zake, Fundi Meno alilifungua pazia. Kila askari alikuwa na tarehe yake kichwani mwa Fundi Meno. Huyu mwenye kofia ya kizibo alikuja wiki aliyozaliwa kifungua mimba. Yule mwenye bendera, Shemeji alimpaka akiwa kitandani na mguu uliovunjika. Wale watatu weusi ni wa mwaka alipofiwa na mkewe. Hakutaka rangi nyingine mwaka ule, na hakuna aliyemuuliza. Na huyu mwanaanga mwenye kioo usoni... Fundi Meno alitabasamu. Huyu alimrudisha mara tatu. "Jicho moja linatazama mbinguni, moja sokoni," alimwambia Shemeji wakati ule. "Kampake upya." Mara tatu! Na mara zote tatu Shemeji aliondoka kimya, akarudi.

"Keshokutwa anahama," alisema mke kutoka chumba cha pili, bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Najua."

Shemeji alikuwa anakwenda kuishi kwa binti yake, safari ya siku nzima. Masanduku yamekwisha kufungwa. Jumamosi iliyobaki ilikuwa hii hii, na jua lilikuwa limeshavuka utosi.

"Basi kamfuate mcheze."

"Nimfuate mimi? Mdaiwa nani?"

"Jumatatu akishapanda gari utamdai nani, kabati?"

Fundi Meno alitafuta neno la kumjibu, akapata viatu.

Shemeji alikaa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Fundi Meno alipanda akiwa amepanga maneno yake vizuri: ataanza na "asiyekubali kushindwa si mshindani", atamalizia na mambo ya heshima ya mzee mzima. Mlango ulikuwa wazi. Masanduku yalikuwa yamepangwa ukutani, yamefungwa kwa kamba, fundo la posta.

Shemeji alikuwa amekaa dirishani, kampa mgongo. Alikuwa ameshika kisanamu karibu kabisa na uso, kama anakinusa. Mkono mwingine ulitafuta mezani, kidole kikapapasa vifuniko vya makopo ya rangi kimoja kimoja. Fundi Meno akaona kwamba vifuniko vile vimekatwa alama kwa kisu: mkato mmoja, miwili, mitatu. Shemeji akafungua kopo la mikato miwili. Akachovya brashi. Brashi ikachovya meza.

Kwenye ukingo wa dirisha walikuwa wamesimama askari wengine wanne, waliokwanguliwa na kupakwa tena, wamekwanguliwa tena, rangi imewatapakaa kama uji mdomoni kwa mtoto.

Fundi Meno akasogea hatua moja, sakafu ikalia.

"Nani?" aliuliza Shemeji, akageuka. Alimtazama usoni hasa, hatua nne tu, na bado akauliza: "Nani hapo?"

"Mimi."

Shemeji akakifunika kisanamu kwa kiganja, upesi, kama mwanafunzi.

"Tangu lini?" aliuliza Fundi Meno.

"Tangu lini nini?" Shemeji akashusha mabega. "Jicho la kulia limefungwa kama bahasha. La kushoto nina ukungu, naona watu kama wamo ndani ya maziwa. Binti yangu amepata daktari kule, ndiyo maana naondoka. Dada yangu huyo, mkeo, usimwambie, atalia na kunishonea kanzu ya hospitali."

"Na kile kitabu? Ukurasa wa kumi na mbili?"

"Binti ndiye aliyenisimulia picha kwenye simu, moja moja. Nilimwuliza mkono. Akasema, 'Wa kawaida tu, Baba.' Nikaona, afadhali! Angalau nimepata cha kugombania."

Fundi Meno akavuta sanduku, akalikalia. "Miezi yote hii unapapasa dadu mbele yangu. Ungeniambia, bwana."

"Nikuambie wewe?" Shemeji alicheka, kicheko kidogo cha uchungu. "Wewe uliyenirudishia mwanaanga mara tatu? Nilikuwa bado naona wakati ule, shemeji yangu, naona kama mwewe, na bado hukuridhika. Leo ningekuletea nini?"

Chini, mwenye duka alikuwa akizungusha gurudumu la baiskeli, likilia tik-tik-tik, likasimama.

"Mkono tuufute, kama unataka," alisema Fundi Meno. "Tuandike upya sheria."

"Uufute leo?" Shemeji akashtuka. "Mchezo ujao Kapteni ni zamu yangu! Nani kasema ufutwe?"

"Si wewe barazani kwangu?"

"Barazani ni barazani."

"Mwamba ngoma huvutia kwake, kweli," alisema Fundi Meno, na wote wawili wakacheka, mmoja akijifuta macho. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. "Lete askari wangu."

"Hajaisha."

"Lete."

Shemeji alichelewa. Mwisho akakifungua kiganja.

Alikuwa mpishi wa chombo cha anga, kabeba sufuria. Mkanda ulikuwa umeshuka magotini. Wekundu wa aproni ulikuwa umepanda mpaka shingoni, na jicho, lile jicho la mwisho la kuzuia pumzi, lilikuwa shavuni, karibu na sikio. Fundi Meno alimgeuza mbele na nyuma. Ulimi wake wa miaka arobaini na moja ulijaa mdomoni kama plasta inayotaka kuganda, akaumeza wote.

Akamfunga ndani ya leso yake safi, akamtia mfuko wa shati.

"Nimepokea," alisema. "Sikudai kitu."

"Hukumtazama vizuri."

"Nimemtazama."

"Na jicho?"

"Jicho lipo, Shemeji. Vaa viatu twende tukacheze, jua linashuka na dada yako anautaka utepe wake."