Poda Yangu na Udongo Mwekundu wa Naisiae

Mwanangu, kila ninapokuona mbele ya kioo kabla ya kwenda shule, nakumbuka siku moja ambayo sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, hapa Karatu, mwishoni mwa miaka ya sabini. Wasichana waliotoka Moshi na Arusha walipaka poda kwa siri. Mimi, binti wa wakulima wa Mbulumbulu, nikanunua kopo dogo la poda, nyeupe kupita ngozi yangu. Sikuiona nzuri. Niliona tu kwamba nikiipaka, wale wasichana walinisogezea nafasi mezani.

Rafiki yangu Naisiae alikwenda kwao Arash, Umasaini, kwenye sherehe ya kaka yake kuingia umorani. Alirudi na udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta, umebaki shingoni na kwenye nywele. Alitembea nao kwa fahari.

Jumatatu tulipangwa mstari. Vipodozi vilikatazwa, nami nilikuwa na poda usoni, na matroni alikuwa akikagua uso mmoja mmoja. Alipobakiza wasichana wawili anifikie, nikasema haraka, "Matroni, mtazame Naisiae! Amepakwa rangi kama ng'ombe wa mnadani."

Mstari mzima ukacheka. "Wee, usituchafulie mashuka!" mmoja akadakia.

Matroni akanipita bila kunitazama, akamwendea Naisiae. Naisiae akaniambia taratibu, "Hata wewe? Mama ndiye aliyenipaka."

Alirudishwa nyumbani akamlete mzazi. Baadaye mfugaji mmoja wa Soitsambu, jirani na kwao, alinieleza kuwa baba yake Naisiae alikataa: shule inayoita kazi ya mikono ya mke wake uchafu haitampata tena binti yake. Naisiae hakurudi. Nami, nasema kwa aibu, poda niliendelea kuipaka hadi kopo likaisha.

Tangu hapo nimesoma mengi peke yangu, nikitaka kujua kilichonisukuma. Nilichokipata ni kidogo: mama yake alimpaka ili aonekane ni wa kwao, mimi nilijipaka ili kusionekane nilikotoka.

Basi jipambe, mwanangu, sikukatazi. Ila kabla hujajipaka, jiulize ni macho ya nani unayoyaogopa. Pambo la watu wengine usilifanyie mzaha kabla hujauliza maana yake. Na ukimkosea mtu mbele za watu, umwombe radhi siku hiyohiyo, mbele ya watu haohao. Mimi nilingoja, nikakosa wa kumwomba.

Mungu akupe moyo uliotulia, akuepushe na majuto kama yangu, na rafiki zako wawe salama mikononi mwako.