Nilivyopanda Masale Ndani ya Ghala

Najua utacheka. Kila ninayemsimulia hucheka, wala simzuii, maana hata mimi siku nyingine hujikuta nacheka peke yangu jikoni. Lakini ukishamaliza kucheka, ujue kwamba jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Arusha, zama za Mdachi, na sikuwa nimelewa. Pombe sinywi. Waulize walionifahamu Pangani, kama wamebaki.

Kazi yangu ilikuwa taa. Kukata tambi, kufuta chemni, kujaza mafuta. Nilipanda kutoka pwani na msafara, nikawasha taa za boma mwaka mzima, kisha nikachukuliwa na Lalji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na ghala la ngozi karibu na soko. Lalji alikuwa ameletewa mashine ya picha. Lilikuwa sanduku la bati lenye taa ndani na kioo mbele. Ukitia kipande cha kioo kilichochorwa, picha inatokea kwenye shuka nyeupe ukutani, kubwa kuliko mtu. Watoto wa leo hawashangai kitu. Siku zile watu walitembea kwa miguu kutoka Momela waje kuona meli imesimama ukutani na sakafu haijalowa.

Basi ngozi zikatolewa, mabenchi yakaingizwa, safu upande huu na safu upande ule, na katikati ikaachwa njia ya kupita. Hiyo njia ndiyo iliyoniponza.

Hebu fikiri mwenyewe. Picha zinataka giza. Watu wanataka kuona wanapokanyaga. Utamridhisha nani? Wiki ya kwanza nilitundika kandili nne ukutani. Picha zikafifia, meli ikawa kama doa la chai, watu wakapiga kelele nizime. Nikazima. Wiki ya pili nikawa nashika kandili mkononi, nikimwongoza kila aliyechelewa mpaka kwenye nafasi yake. Watu wakaacha picha, wakanitazama mimi. Sikufichi, nilipenda kidogo, na siku hizo nilikuwa navaa kanzu nzuri. Lalji hakupenda. Wiki ya tatu tukakaa giza totoro, na siku hiyo hiyo karani wa boma akajikwaa kwenye mbuzi wa mtu, akaacha meno mawili pale sakafuni. Nani huja na mbuzi kutazama picha? Mpaka leo mwenyewe hajajitokeza.

Bwana Mkubwa wa boma, Mdachi mgeni ambaye hakuwa amemaliza hata miezi mitatu, akaniita. Hakupandisha sauti. Alisema mtu mwingine akianguka katika njia ile, mtu yeyote, mtu wa taa atakula hamsa ishirini. Kama huijui hamsa ishirini, shukuru Mungu. Ni viboko ishirini na tano, umelazwa kifudifudi mbele ya watu, na anayepiga hana haraka. Nilikuwa nimeona wanaume wazima wakibebwa baada ya hapo. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Woga ukanipa akili. Nilitengeneza koroboi kumi, kila moja nikaifunika kopo, na kopo nikalitoboa tundu moja tu, chini kabisa. Nikayapanga makopo chini, kwenye ncha za mabenchi, matundu yakiangalia njia. Mwanga ukalala sakafuni, haukupanda hata kufika gotini. Aliyekaa haoni kitu ila picha, na anayetembea anaiona miguu yake. Niambie nani alikuwa amewahi kufikiri hivyo. Kasoro ilikuwa moja tu: sakafu ilikuwa udongo mwekundu, unakunywa mwanga, na mtu hakujua njia inaishia wapi na mguu wa benchi unaanzia wapi. Nilihitaji kitu cheupe pembeni, kitakachopokea ule mwanga kidogo na kumwonyesha mtu mwisho wa njia.

Asubuhi moja nilikuwa narudi kutoka Nkoaranga, kwa Mama Ndeshi, mama wa Kimeru aliyetuuzia maziwa na ndizi. Kando ya njia ya mteremko, mahali pasipo na nyumba, nikaona mimea imesimama mstari mmoja mzuri, mashina yamenyooka, majani marefu yamechongoka. Nikaikata. Nilikata mashina mengi, mzigo wa kunitosha kichwani. Hakuna aliyenikataza, kwa sababu hapakuwa na mtu hata mmoja eneo lile. Sasa najua kwa nini.

Nikaja nayo ghalani, nikaipanda kwenye udongo wa sakafu, mstari kulia na mstari kushoto, kutoka mlangoni mpaka chini ya ile shuka ya picha. Majani nikayapaka chokaa. Nilipowasha koroboi zangu kwa majaribio, wallahi njia ilipendeza. Lalji mwenyewe, mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe, alisema, "Hapo sasa umefanya kazi."

Jioni yake, baada ya magharibi, watu wakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa Mama Ndeshi, amekuja kuona picha kwa mara ya kwanza. Akafika mlangoni, akasimama.

"Wee Mswahili, nani amekufa humu?"

Nikadhani ananitania. "Hajafa mtu, mama. Yamekufa meno ya karani."

Hakucheka. Akaniangalia, akaangalia ile mistari miwili, akazunguka nje akaingilia mlango wa pembeni. Wameru wote waliomfuata wakafanya vile vile. Wengine wakapanda juu ya mabenchi, wanaume wenye mvi, wanaruka mabenchi huku njia ipo wazi. Nilikasirika sana. Nimewahangaikia wiki nzima, nimeungua vidole viwili, halafu hakuna anayeikanyaga. Aliyepita katikati ni Bwana Mkubwa wa boma na viatu vyake, akakaa benchi la mbele.

Kazi yangu wakati wa picha ilikuwa kulala kwa tumbo nyuma kabisa, karibu na mlango, nitazame makopo yasizimike. Kutoka pale chini nilikuwa naona miguu tu. Nilishawazoea watu kwa miguu yao, nikajua nani kavaa viatu vya kuazima. Lalji alikuwa ametia picha ya jumba la Kaizari wa Ulaya, watu wametulia, ndipo miguu mingine ikaingia mlangoni.

Ilikuwa miguu ya mzee. Visigino vimepasuka, bangili ya chuma kwenye kifundo, udongo mbichi katikati ya vidole. Ikapita kopo la kwanza. Sasa sikiliza. Mtu akipita mbele ya kopo langu, kivuli chake huangukia majani ya upande wa pili. Miguu ile ikapita, na majani yakabaki meupe vile vile. Unajua nilifanya nini? Nililaumu utambi. Nilitambaa nikakagua lile kopo. Utambi ulikuwa mzima. Ndipo nywele zikanisimama.

Lakini hamsa ishirini ilikuwa kichwani mwangu, na yule alikuwa mzee anayetembea gizani.

"Shikamoo mzee," nikanong'ona. "Tafadhali kaa, usije ukaanguka."

"Marahaba. Nani amepaka mpaka wangu chokaa?"

Sijui alisema kwa lugha gani. Kimeru sikijui, lakini kila neno nililielewa.

"Ni mimi, mzee. Ni kwa ajili ya usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wa watu wanaotembea gizani."

"Mimi natembea gizani siku zote, sijaanguka. Na njia hii inakwenda wapi?"

"Kwenye picha, mzee."

"Haya," akasema, akaendelea mbele, kopo la pili, la tatu, mpaka la kumi. Alipofika kwenye shuka hakusimama.

Ndugu yangu, mzee aliingia kwenye picha. Lile jumba la Kaizari, nguzo zake na ngazi zake, na mbele ya ngazi amesimama mzee wa Kimeru, ngozi ya mbuzi begani, fimbo mkononi, anakagua nguzo kama mtu aliyeletewa mbao mbovu. Watu wa mjini wakapiga makofi, wakidhani ndiyo picha yenyewe. Lalji akashtuka, akatoa kile kioo, akatia kingine, tembo wa Bara Hindi. Mzee yupo, anamtazama tembo meno. Akatia meli. Mzee yupo juu ya meli, ameketi. Lalji akawa anabadili vioo huku akiomba miungu yake yote, na mzee anahama naye.

Wameru hawakupiga makofi. Walianza kuinuka, mmoja mmoja, kimya, na mimi nikaona kitakachotokea. Wakikimbilia mlango gizani wataanguka watu ishirini, na kwa kila mmoja nitalazwa mimi.

Mama Ndeshi akanifikia kwa kupanda mabenchi, akanishika sikio, kweli kabisa, sikio.

"Yule ni baba mkwe wangu. Alikufa kabla Mdachi hajapanda huku. Haya majani umeyatoa wapi?"

Nikamwambia.

"Ni masale hayo. Isale tunapanda mpakani na makaburini. Wewe umemng'olea ua wa kaburi, halafu umempangia njia mpaka hapa. Ulitegemea asije?"

"Nifanye nini, mama?"

"Umwombe radhi. Chukua isale, lifunge fundo, umpelekee kwa mikono miwili. Anayeletewa isale hakatai, hata kama umemuulia mtu. Nenda, na hawa nitawakalisha mimi."

Aliwakalisha. Sijui aliwaambia nini, ila walikaa. Nikang'oa isale la karibu, nikafuta chokaa kwa kanzu yangu nzuri, nikafunga fundo, nikaanza kutembea katikati ya njia. Nilitembea macho nimeyakaza kwa mzee, na yeye, kutoka juu ya meli, ananitazama nikija. Nilipofika benchi la mbele nikapiga teke kopo langu mwenyewe. Nilianguka kifudifudi, mzima mzima.

Mtu alikuwa ameanguka, na mtu huyo alikuwa mtu wa taa.

Lalji, kwa kuchanganyikiwa, akaligeuza sanduku lake, mwanga wote ukanimulika. Nilikuwa nimelala pale, mikono miwili imenyooka mbele, isale limefungwa fundo, na mbele ya isale viatu vya Bwana Mkubwa.

"Hii nini?" akauliza.

Mama Ndeshi akajibu kutoka nyuma, sauti wazi kabisa: "Ni isale, Bwana Mkubwa. Ukiletewa, unasamehe. Ndiyo desturi ya hapa."

Bwana Mkubwa akageuka. Wameru wote, wazee kwa vijana, walikuwa wanamtazama. Alikuwa mgeni, lakini hakuwa mjinga. Akainama, akalipokea.

"Nimesamehe," akasema. "Hakuna hamsa ishirini."

Nililia, nakwambia ukweli. Nililia kwa furaha pale sakafuni. Halafu nikainua macho. Lalji alikuwa amerudisha sanduku mahali pake, meli imetokea tena, na mzee alikuwa amesimama ukingoni mwa meli, mikono yake miwili ameinyoosha mbele, anangoja. Lile isale lilikuwa lake. Aliliangalia likiwekwa mfukoni mwa koti la Bwana Mkubwa, akashusha mikono, akageuka, akatoweka.

Kesho yake nikang'oa masale yote, nikayaosha chokaa mtoni Themi, jani moja moja, nikapanda nayo Nkoaranga. Mama Ndeshi alinisimamia siku nzima akinitukana kwa utaratibu mzuri. Tulirudisha kila shina mahali pake, na yakashika mizizi. Nikafunga fundo jingine, nikaliweka pale kaburini kwa mikono miwili, lakini Mama Ndeshi akatikisa kichwa: mzee anangoja lile lile alilolikosa. Lakini ua ulibaki na pengo moja, upana wa shina moja. Isale lililotoka pale lilikuwa bomani, limewekwa kwenye chupa ya maji juu ya meza ya Bwana Mkubwa, na yeye akiwaonyesha wageni wake. Nani angekwenda kumwambia alirudishe? Ungekwenda wewe? Nilipanda shina jingine pale, likakauka. La pili likakauka. Mpaka Wadachi wanaondoka, nilikuwa nimepanda mara tisa.

Mzee hutokea hapo penye pengo, akaja mpaka nyumbani kwangu. Hana ugomvi, sitamsingizia. Jioni nikiweka taa chini, sakafuni, naona vile visigino vilivyopasuka vinapita upande huu kwenda upande ule, na ukutani hakuna kivuli. Hapo husimama kidogo, najua anangoja mikono yangu miwili, na mimi sina cha kumpa, kwa sababu msamaha wake niliutumia mimi kwa mtu mwingine. Hilo ndilo linaloniuma, si woga. Woga uliisha zamani.

Kwa hiyo wewe unayejenga, unayepamba, unayetaka watu wapite bila kuumia, fanya vizuri, weka taa chini, zifunike, hata mimi nakusifu. Ila kabla hujakata jani la watu, uliza ni la nani, na ukiona hakuna mtu wa kumuuliza, liache. Na leo usiku ukitoka hapa, pita pembeni ya taa ile pale mlangoni. Katikati mwachie mzee.