Gundi Niliyoimwaga Ikola

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo na matambara. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, pale Mpanda, kwenye karakana ya shirika moja la misaada. Niliajiriwa kuosha magari, na ukimtoa mama wa chai, mwanamke ndani ya uzio ule nilikuwa peke yangu. Mkuu wa Karakana, Msukuma mrefu mwenye sauti ya chini, akanionyesha gari lililorudi kutoka Mwese likiwa limepakwa tope mpaka juu. Nikaosha. Nilipofika kwenye kioo cha mbele nikamwita.

"Mkuu, hapa kuna jicho."

"Jicho gani tena?"

"Jiwe limegonga. Leo ni kadoa tu, ila gari likirukaruka wiki moja, ufa utafika upande wa pili."

Akaniangalia. "Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nimeyatazama yale mabovu pale nyuma. Yote ufa umeanzia kwenye kidoa."

Basi nikawa fundi vioo. Mafundi wa kiume walicheka mpaka wakachoka. Wakaniita Mama Vioo wakidhani wananikomoa, nami nikalichukua jina, nikatembea nalo mpaka leo. Nyie mabinti mnaosubiri mtu awape ruhusa ya kujua kitu, mtasubiri sana!

Sasa mnielewe kazi yenyewe. Kioo cha mbele cha gari si kipande kimoja. Ni vioo viwili vyembamba vimebanana, katikati kuna ngozi ya plastiki. Kokoto ikigonga huumiza kile cha nje tu, na pale panapoingia hewa ndipo tunapopaita jicho. Ukiwahi, unaliziba. Ukichelewa, unabadilisha kioo kizima, na kioo kizima enzi zile kilitoka Dar kwa treni. Kikishushwa Tabora, kikapandishwa tena, ukija kufungua kasha hapa Mpanda unakuta vipande. Niliyafungua mwenyewe makasha matatu ya namna hiyo, na mara ya tatu Mkuu wa Karakana alikaa chini kwenye sakafu.

Ndiyo akaagiza sanduku la vifaa. Lilikuwa la bati, ukubwa wa kubeba mkononi. Ndani mlikuwa na daraja, yaani chuma kifupi chenye vikombe vya mpira vinavyong'ang'ania kioo. Sindano nene ya kusukumia gundi, ambayo hufungwa katikati ya daraja. Kidrili cha mkono. Viwembe vya kukwangulia. Na chupa moja ya gundi. Gundi ile ni nyepesi kama maji na haikauki kivulini hata ukae nayo mwezi. Lakini jua likiigusa, dakika chache imekuwa ngumu. Kwa hiyo kazi yote unaifanya umefunika kioo, ukimaliza unafunua, jua linakusaidia. Chupa nilikuwa naivika kitambaa cheusi mara tatu.

Nilizunguka na sanduku lile kila mahali. Litapunga nililala kwa wenyeji wetu, familia za Kirundi zilizokuwa zikilima pale, wakanilisha maharage na kuniuliza kama naweza kuziba miwani ya babu. Mwese nilipanda milima kwa miguu sanduku likiwa kichwani, maana gari bovu liko juu na barabara haipo. Masika ikikaza, njia ya Ikola, kijiji cha ziwani, ilikatika kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kupanda ndege.

Shirika lilikuwa linakodi ndege ndogo ya viti sita kupeleka dawa kule ziwani. Mkuu wa Karakana akasema fundi vioo naye aende, kwa sababu gari la zahanati ya Ikola lilikuwa moja, na likikosa kioo hakuna wa kumleta mgonjwa. Kusafiri angani na sanduku lile ni kazi ndani ya kazi. Viwembe na kidrili vinakaa nyuma na mizigo, si miguuni pako. Chupa huijazi mpaka shingoni, kwa sababu huko juu hewa hupungua na chupa iliyojaa hutema. Ukitoka hapo una askari wa uwanja.

"Hii nini?" aliniuliza mara ya kwanza, kakamata chupa.

"Gundi ya kioo."

"Fungua nione. Nitajuaje si petroli?"

"Afande, nikiifungua hapa juani imekufa. Twende ndani, ufunge mlango, unuse mpaka utosheke."

Tukaingia kwenye kibanda chake, akafunga mlango na dirisha, akanusa, akapiga chafya tatu. Toka siku hiyo hakunisumbua tena. Akiniona tu anasema, "Pita, Mama Vioo, pita na uchawi wako."

Mimi nikikaa karibu na kioo chochote lazima nikigonge kwa ukucha. Safari ya kwanza nilikaa mbele, pembeni ya rubani, nikagonga kioo cha ndege. Kikanijibu kwa sauti butu, kama beseni. Nikamwambia rubani, "Hiki si kioo." Akacheka, akasema kweli, ni plastiki ngumu. Nami plastiki nilikuwa naijua. Tone moja la gundi yangu liliwahi kudondokea rula ya plastiki ya mtunza stoo. Kesho yake rula ilikuwa nyeupe pale pale, imejaa nyufa ndogondogo kama nywele, na mtunza stoo hakunisalimia wiki nzima.

Sasa niwapeleke kwenye siku yenyewe. Tulitua asubuhi kwenye uwanja wa nyasi nje kidogo ya Ikola. Tulikuwa rubani, Mkurugenzi wa shirika aliyekuja kukagua zahanati, na mimi. Magurudumu yakiwa hayajagusa chini, ndege mkubwa, korongo nadhani, akapiga kioo cha mbele, paa! Tukatua salama. Lakini upande wa rubani kulikuwa na ufa wa urefu wa mkono, umepinda, na manyoya yamenasa. Rubani, kijana mpole sana, alitoka nje akasimama anafuta damu ya yule ndege kwa leso, anafuta, hata palipokwisha kuwa safi anafuta.

Mimi nikaenda kuziba jicho la gari la zahanati. Dereva wa zahanati alinisaidia kushika kitambaa, akaona kila hatua. Mchana tukarudi uwanjani, na nesi wa zahanati akaja na mzigo wake na mtoto mgongoni, kwa sababu aliahidiwa nafasi ya kwenda Mpanda. Wavuvi nao walikuwa wameacha dagaa zao wakaja kutazama.

Mkurugenzi akaniita. Alikuwa na wageni wa kutoka nje wanaomsubiri Mpanda jioni ile, na saa alikuwa anaitazama kila mara.

"Fundi, ziba huo ufa tuondoke."

"Mzee, hii siwezi kuiziba. Vifaa hivi ni vya kioo cha gari."

"Wewe ni fundi vioo au si fundi vioo?"

"Ni fundi vioo. Hiki ni plastiki. Gundi hii inakula plastiki."

"Asubuhi si umeziba hapo mbele ya macho yangu?"

"Nimeziba gari, mzee. Gari likipasuka kioo linasimama barabarani."

Wavuvi wakaguna. Mmoja akasema, "Dada, si utie tu hiyo dawa? Kioo ni kioo." Na kwa macho ya mtu asiyejua, alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ufa ni ufa, sanduku lipo, fundi yupo. Ningekuwa mimi ndiye mvuvi labda ningesema vile vile.

Nikamgeukia rubani. "Wewe unasemaje, baba?"

Hakuniangalia. Alimwangalia Mkurugenzi kwanza, halafu viatu vyake. Kisha akasema taratibu, "Mama, wewe ukiziba, ukasema kimeshika, mimi naruka."

Mnaona? Wote wawili uamuzi wameuweka mdomoni mwangu. Mkurugenzi ana haraka, rubani ana hofu ya kibarua chake, na kati yao nimesimama mimi na chupa. Nesi alikuwa keshakaa kwenye mzigo wake, anamnyonyesha mtoto, anasubiri kuambiwa panda. Nilihisi hasira mpaka masikio yakawa ya moto.

"Sizibi," nikasema.

"Unakataa amri?"

"Nakataa."

Mkurugenzi hakupiga kelele. Alimgeukia dereva wa zahanati. "Wewe ulimshikia kitambaa. Umeona anavyofanya. Chukua hivyo vifaa, fanya."

Yule dereva naye masikini, angefanyaje? Akanyoosha mkono kwenye sanduku langu. Nikamtangulia. Nikaitoa chupa, nikakivua kitambaa chote, nikaimimina juu ya jiwe bapa lililokuwa pembeni ya uwanja, mpaka tone la mwisho. Jua la saa nane likafanya kazi yake. Mkurugenzi anafika pale, gundi imeshashikana na jiwe.

Hakuna ndege iliyoruka siku ile. Tulirudi Mpanda kwa lori la dagaa, maana mvua zilikuwa zimeanza kupungua na malori yakipita kwa shida, Mkurugenzi mbele na dereva wa lori, sisi wengine juu ya magunia, tukisukuma kila tuliponasa. Tulifika siku ya pili yake, wageni wameondoka zamani. Nesi akaniambia, tukiwa juu ya magunia, "Mimi ningepanda, dada. Bosi akisema panda, unapanda." Nikamwambia najua.

Wiki ile ile nikaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Asubuhi yake Mkuu wa Karakana alinivuta pembeni, nyuma ya matairi. Alikuwa amekwisha kuniandikia maelezo kwa mkono wake, bado kuweka sahihi tu.

"Nimeandika chupa ilikuponyoka," akasema. "Hilo ni uzembe, utapewa onyo, basi. Ukisema uliimwaga kusudi, wanakufukuza."

"Haikuniponyoka."

"Najua haikukuponyoka! Una watoto wanne, Mama. Sema iliponyoka, nitakusimamia."

Alikuwa ananipenda yule mzee, na mpaka anakufa nilimheshimu. Lakini fikirini. Nikisema imeponyoka, nimekubali kwamba kama isingeponyoka ningeziba. Watanunua chupa nyingine. Safari nyingine korongo mwingine, wataniambia, haya, leo ishike vizuri isikuponyoke. Tena mimi mikono yangu haiponyokwi na vitu! Nilimrudishia karatasi.

Kwenye kikao Afisa Utumishi akauliza, "Ilikuwaje mali ya shirika ikamwagika?"

"Haikumwagika. Niliimwaga."

Mkuu wa Karakana akafumba macho.

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Andika hivyo hivyo, usiirembe."

Kilichoniokoa nisifukuzwe ni kwamba fundi vioo mwingine hawakuwa naye, wakahofia kunipoteza moja kwa moja. Lakini sanduku wakaninyang'anya, likawekwa stoo chini ya kufuli, mimi nikapelekwa getini kufungua na kufunga. Miaka miwili nilifungua geti. Nililia? Nililia, nyumbani, mume wangu anajua. Pale getini hawakuyaona machozi yangu. Kila gari lililoingia nililisimamisha, nikakagua kioo, nikamwambia dereva, "Una jicho hapo chini kulia, kamwambie Mkurugenzi." Walikuwa wanamwambia. Magari yakaendelea kupasuka vioo, makasha ya treni yakaendelea kufika vipande, na alipokuja Mkurugenzi mwingine, wiki yake ya kwanza alinikuta getini na kunirudishia sanduku mwenyewe. Hakuniomba radhi kwa niaba ya mtu, wala sikudai. Niliifanya kazi ile mpaka nastaafu.

Ndege ile ilikaa Ikola mpaka fundi wa ndege alipokuja na kioo kipya. Cha zamani wakakivingirisha kwenye turubai, wakaenda nacho. Hakuna aliyekuja kuniambia kilikuwa kimeoza au kilikuwa kizima cha kutosha kutufikisha nyumbani tukicheka. Kwa miaka mingi wapo walionitania: Mama Vioo, uliuza kibarua chako kwa ufa wa urefu wa mkono, labda kingeshika! Niliwaacha waseme.

Siku ya kuchukua barua yangu ya kustaafu, Afisa Utumishi aliyekuwepo alikuwa mtoto wa juzi tu, mstaarabu, akalifungua faili langu akakuta habari ile. Akasoma yote. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Shikamoo tena, Mama. Samahani nikuulize. Kile kioo, kwa ujuzi wako, kingepasuka?"

"Marahaba. Sijui."

"Hujui?"

"Sijui mpaka leo, mwanangu."

Akaliweka faili mezani. "Sasa kama hujui, miaka miwili ya getini ulikubali ya nini?"

"Ya hiyo hiyo," nikamwambia. "Nilikuwa sijui, na pale chini alikuwepo nesi na mtoto wake wanasubiri kupanda, huku Mkurugenzi na rubani wakitaka nitamke kwamba najua."