Alhamisi za Mume Wangu

Mume wangu alikuwa akizungumza na mimi siku moja tu kwa wiki: Alhamisi, saa nane mchana, mbele ya watu.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi miwili. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya soko la Otonglo. Yeye alichomelea milango ya chuma, mimi niliuza omena, wale samaki wadogo wa kukaushwa. Hakunipiga wala hakulewa, haki yake nampa. Alikuwa hasemi tu. Anaingia, anakula, analala. Kuna siku nilitamani hata anitukane, nijue kwamba ananiona.

Basi kanisani wakaanzisha mafunzo ya ndoa kwa wazazi wapya, na paketi mbili za unga kwa kila mke na mume watakaokuja pamoja. Alikubali kwa ajili ya unga, sijidanganyi. Mwalimu, mama mmoja mpole, alikuwa na mwiko: anayeushika anasema, mwenzake anasikiliza. Mume wangu akaushika. Wueh! Mwanamume huyo alifunguka. Akasema siku niliyojifungua alijificha nyuma ya choo cha hospitali akalia, akidhani ninakufa. Nililia mimi pia. Mwaka mzima nimelala na mtu nisiyemjua.

Nyumbani nikampa mwiko wetu. Akautazama, akaurudisha kwenye sufuria. "Huu ni wa ugali," akasema. Hayo ndiyo maneno niliyopata wiki hiyo.

Nikawa naishi kwa ajili ya Alhamisi. Nilioga mapema, nikavaa lile rinda langu zuri, kama msichana anayeenda kuonana na mpenzi. Darasani alinishika mkono, akaeleza ndoto zake, wanawake wengine wakanionea wivu. Nyumba njema si mlango, lakini nani angeniamini? Siku ya mwisho tulipewa cheti, tukasimamishwa mbele tuwe mfano. Nikaulizwa kama mambo yamebadilika nyumbani. Nikasema yamebadilika sana. Niliogopa nikisema ukweli atanyamaza hata pale.

Wiki iliyofuata nilimwendea mwalimu peke yangu, nikamwomba turudie masomo tangu mwanzo. Akacheka kwa upendo, akanishika bega.

"Mama, nyinyi mmefaulu. Waachieni nafasi wenye shida."

Nikamshukuru. Aliyefaulu atalalamika nini?