Barua Niliyomwandikia Mwenzangu

Tulisoma fizikia chuo kimoja, benchi moja, tukarudi wote mkoani Mara kufundisha: yeye Bunda, mimi Butiama. Mwaka juzi tukaamua kuomba uzamili nje ya nchi, chuo kilekile. Nafasi yenye ufadhili kamili, yaani ada, nauli na posho, ilikuwa moja tu. "Atakayepata amvute mwenzake," tukaambiana. Maneno ya watu ambao hawajapata kitu.

Jumamosi tulikuwaga tunakutana Musoma, kwenye steshenari moja ya Nyakato, kuskani vyeti. Zikabaki barua za mapendekezo. Mhadhiri wetu wa zamani, mtu mwema ila hana muda, akatujibu kama wanavyojibu wengi: andikeni wenyewe, mnitumie nisaini.

Mwenzangu Kiingereza cha barua kinamkwamisha. "Kaka, niandikie na yangu," akasema, "wewe mkono wako mwepesi." Nikaandika. Jamani, niliandika! Nikaeleza alivyokuta maabara haina kitu, akawafungisha wanafunzi mawe kwa nyuzi za nyavu, wakayabembeza na kupima mvutano wa dunia kwa saa ya simu, na jibu likakaribia la kitabuni. Nikasema, kwa sauti ya mhadhiri, kwamba hajapata kufundisha kichwa kama kile. Na yote ni kweli. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Kisha nikageukia yangu, mkono ukagoma. Kwetu ni wafugaji, na baba yangu hatajagi idadi ya ng'ombe zake mbele ya mgeni. Ukimuuliza atakwambia "zipo mbili tatu", na zizi limejaa. Ndivyo nilivyolelewa. Nikaandika kwamba mwombaji ana nidhamu na anawahi kazini. Anawahi kazini! Kama mlinzi wa geti. Mhadhiri akasaini zote mbili bila kugusa hata nukta.

Akapata yeye. Alinipigia analia kwa furaha: "Tumepata, kaka!" Tumepata na nani? Nikampongeza, nikakata simu, nikakaa ofisini nimenuna mpaka mkuu wa shule akadhani nimefiwa. Wivu ulinikaba, sitaki kudanganya mtu. Wiki nzima nilikuwa naifungua ile barua yake kwenye simu, natafuta sentensi ambayo ningeiacha.

Kabla hajaenda Dar kwenye usaili wa viza, familia yake wakaandaa maombi nyumbani kwao Mugango. Kwaya ikaimba, sato wakakaangwa, nami nikala kwa hasira. Halafu mama yake, mjane aliyemsomesha kwa kuanika dagaa, akanishika mikono yote miwili mbele ya watu.

"Mwanangu ameniambia ni wewe uliyemwandikia," akasema. "Basi wewe ndiye utakayetufungia sala."

Ningekataaje? Nikasimama, watu wakainamisha vichwa. Nikaomba viza itoke. Nikaomba wanaomsaili wamwone kama tunavyomwona sisi, ndege ifike salama, baridi ya huko isimdhuru. Maneno yalikuja matamu, mama wa watu akaanza kulia, na mwenzangu naye akafuta macho.

"Amina!" wakaitika, nyumba nzima. Aliyekuwa anatamani Mungu asisikie alikuwa mmoja tu mle ndani, na ndiye aliyekuwa anaomba.